Sura ya Saba: Mlevi Ambaye Hakunywa

Saa nne asubuhi, stendi ya matatu ya Ruiru. Mwanamume aliyevaa shati safi anapepesuka, anashika mlingoti asianguke, kisha anamjibu kondakta maneno yasiyoshikana. Jasho linamtiririka ilhali ni Julai na baridi ya Kiambu haijaondoka. Muuza mitumba anasonya. Kijana wa boda boda anacheka. "Mzee, rudi nyumbani ukalale," kondakta anamwambia, na gari linaondoka bila yeye.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita Sheria ya Mututho, iliweka saa kumi na moja jioni kuwa saa ya kufungua baa siku za kazi. Lakini saa nne asubuhi haimtetei mtu yeyote katika kaunti hii, kwa kuwa kila mtu anajua chang'aa haina ratiba. Mwezi Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe hatari ziangamizwe, na wabunge wa eneo la Kati wakaongoza umati kumwaga pipa baada ya pipa. Tangu hapo, na hata kabla yake, jicho la mkazi wa Kiambu limezoea kutoa hukumu moja kwa mtu anayeyumba: amelewa.

Mtu wetu wa stendi ni wa mfano tu, ila wenzake wapo kila mahali. Tuseme ni fundi wa mjengo anayeishi wodi ya Gatongora, ana kisukari, alijidunga insulini saa kumi na mbili asubuhi, na kiamsha kinywa hakikupatikana. Sukari katika damu yake imeshuka. Asipopata kitu kitamu katika dakika chache zijazo anaweza kuanguka, kupata degedege, na hata kufa. Sura hii inahusu jinsi ya kumtambua. Nimeiandikia mgonjwa, lakini zaidi nimeiandikia yule aliye kando yake: mke, kondakta, nyapara wa shamba la kahawa, jirani wa ploti. Sababu yake ni kwamba aliyeshukiwa na sukari ni shahidi mbaya wa hali yake mwenyewe. Kiungo ambacho kingemwambia kwamba mambo yameharibika, yaani ubongo, ndicho cha kwanza kukosa chakula.

Ubongo ni sehemu ndogo ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban moja ya tano ya nishati yote tunayotumia tukiwa tumetulia. Misuli inaweza kuchoma mafuta. Ubongo, kwa siku ya kawaida, unategemea glukosi, na hauna akiba yake ya maana. Unaipokea kutoka kwenye damu dakika kwa dakika. Ndiyo maana mwili wa mtu mzima asiye na kisukari hauachi kiwango cha glukosi kibahatishwe. Ini ni ghala: likipata amri ya homoni iitwayo glukagoni kutoka kwenye kongosho, linafungua akiba yake na kumwaga glukosi kwenye damu; akiba ikipungua, linaanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu vingine. Mtu mwenye afya anaweza kufunga kutwa nzima na kipimo chake kisishuke kufikia hatari.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa watu wengi wakihisi mikono inatetemeka saa saba mchana kabla ya githeri kuiva husema, "Sukari yangu imeshuka." Mara nyingi haijashuka. Ni njaa, ni uchovu, pengine ni vikombe vitatu vya strungi. Katika miaka ya 1930 daktari wa upasuaji wa New York, Allen Whipple, aliweka masharti matatu ambayo madaktari wanayatumia hadi leo: dalili ziwepo, kipimo kionyeshe kweli sukari iko chini, na dalili ziondoke sukari inapopandishwa. Asiye na kisukari na anayetimiza masharti hayo matatu anahitaji uchunguzi wa hospitali, kwani huenda ana uvimbe kwenye kongosho, ugonjwa wa ini, au tatizo la homoni. Soda peke yake haitamtibu.

Hatari kubwa, basi, iko kwa wanaotumia dawa zinazoshusha sukari bila kujali kama umekula. Dawa hizo ni za makundi mawili. La kwanza ni insulini. La pili ni vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini zaidi, kama glibenclamide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil, na gliclazide. Metformin, kidonge ambacho wengi huanzishiwa, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi ikitumiwa peke yake. Kila mwenye kisukari anapaswa kujua kidonge chake kiko kundi gani. Wengi hawajui. Wanajua rangi yake.

Kipimo chenyewe husomwa kwa milimoli katika lita, na hivyo ndivyo hospitali zetu za umma zinavyosoma. Chini ya 3.9 ni onyo: kula kitu sasa. Chini ya 3.0 ubongo umeanza kuumia njaa. Baadhi ya mashine, hasa zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani, husoma kwa miligramu, ambapo 3.9 huonekana kama 70. Ukiona namba kubwa ajabu, igawe kwa 18 kabla ya kupiga mayowe. Na mashine ikiandika herufi LO, hiyo si hitilafu ya betri. Ina maana sukari iko chini mno hata mashine imeshindwa kuitaja. Mgonjwa huyo hangojewi.

Ila mtu haanguki akiwa na mashine mkononi. Anaanguka akiwa na mwili wake tu, na mwili una namna mbili za kulia.

Kilio cha kwanza ni cha adrenalini. Mwili ukiona sukari inashuka, unamwaga homoni ileile inayotoka ukikoswakoswa na lori kwenye barabara kuu ya Thika. Mikono inatetemeka. Moyo unaenda mbio. Jasho linatoka, na ni jasho baridi, linalolowesha shingo na mgongo hata kama mtu ameketi kivulini. Ngozi inapauka. Njaa inakuja ghafla, njaa kali isiyo ya kawaida, pamoja na wasiwasi usio na sababu. Wengine huhisi midomo ikiwashawasha au kufa ganzi. Hapa mgonjwa bado ana akili zake. Akijua maana ya dalili hizi, anaweza kujiokoa mwenyewe kwa vijiko vichache vya sukari, na kisa kikaishia hapo.

Kilio cha pili ni cha ubongo wenyewe, na ndicho kinachofanana na ulevi. Maneno yanakuwa mazito. Miguu haifuati amri. Macho yanaona ukungu au kitu kimoja kama viwili. Mtu anashindwa hesabu rahisi: anahesabu chenji mara tatu, anapita lango lake mwenyewe, anavaa kiatu kimoja. Tabia inageuka, na hili ndilo linalowakosesha watu. Mtu mpole anakuwa mkali. Mama aliyezoea kuimba jikoni ananyamaza, anakodolea ukuta macho. Baba anacheka peke yake, na ukimpa chai anaisukuma na kukutukana. Baada ya hapo huja usingizi mzito, degedege, kuzirai.

Ukali huo unahitaji kusemwa waziwazi ndani ya familia, siku ambayo mambo ni shwari. Mgonjwa akikuambia "Mimi niko sawa, niache," huku jasho limemlowesha na maneno yanamteleza, usimsikilize. Si yeye anayesema. Kaa naye, mpe kinywaji kitamu, na msamaha mtaombana baadaye.

Watafiti wa Toronto waliyaona haya mapema. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini, dawa iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Collip alikuwa akiijaribu dawa hiyo kwa sungura, na wale waliozidishiwa walishikwa na degedege. Akiwapa glukosi, waliinuka. Kwa kitambo, nguvu ya insulini ikawa inapimwa kwa kiasi kinachoshusha sukari ya sungura hadi apate degedege. Kwa hiyo hatari ya kushuka kwa sukari ilijulikana sambamba na dawa yenyewe. Haikuja kuwashtua watu miaka mingi baadaye. Ajabu ni kwamba baada ya karne nzima, mgonjwa bado anaweza kutoka zahanati na sindano zake bila mtu wa nyumbani kwake kuambiwa lolote kuhusu upande huo wa pili.

Na hapa kuna ubishi ambao nimeusikia kwa namna nyingi. Tumefundishwa kuogopa sukari iliyopanda. Hiyo ni haki: inaharibu macho, figo, mishipa ya miguu. Basi familia inaficha kopo la sukari. Watoto wanaambiwa, "Shosho haruhusiwi kitu kitamu." Siku shosho anapotokwa jasho na kuanza kumwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, mjukuu ana soda mkononi na anaogopa kumpa. Anakumbuka katazo. Anampa maji, au anamlaza apumzike, na hicho cha kumlaza ndicho kibaya zaidi, maana akishalala hakuna atakayeona hali ikizidi kuharibika.

Kanuni ni hii, na ningependa ibandikwe kwenye kila mlango wa zahanati ya Ruiru: mwenye kisukari akibadilika ghafla na huna kipimo, mchukulie kwamba sukari imeshuka. Mpe sukari kwanza. Ikiwa kumbe ilikuwa imepanda, vijiko vitatu havitaibadilisha hali yake kwa kiasi kikubwa. Ikiwa ilikuwa imeshuka, umemwokoa. Hesabu ya hatari haina usawa, na hiyo ndiyo sababu ya kutosita.

Kuna njia ya kukisia, kwa wanaotaka. Sukari ikipanda sana huchukua saa nyingi au siku kadhaa kumwangusha mtu: kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, ngozi kavu, kutapika, pumzi nzito na ndefu, na wakati mwingine harufu tamutamu kinywani kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo watu pia huidhania pombe. Sukari ikishuka huja kwa dakika, na ngozi huwa imelowa. Ngozi kavu na ngozi iliyolowa: ukikumbuka tofauti moja tu, kumbuka hiyo. Hata hivyo usiitumie kama sababu ya kusubiri.

Kiasi kinachotakiwa ni gramu 15 za sukari, kwa lugha ya jikoni vijiko vitatu au vinne vya chai, vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji. Au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, lakini iwe soda ya kawaida. Zile zilizoandikwa kwamba hazina sukari hazitasaidia kitu. Chai ya maziwa ya moto ni pole mno, hawezi kuigugumia. Chokoleti na mandazi pia zinachelewa kwa sababu ya mafuta yake. Ngoja dakika 15, pima tena kama mashine ipo, na kama bado, rudia. Akishatulia ale chakula cha kweli, uji mzito, chapati, ugali, maana soda itainua sukari kisha itaondoka.

Aliyezimia hapewi kitu cha kunywa. Soda itaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, safisha kinywa, mkimbize hospitali, iwe Ruiru au Thika Level 5, na mtamke mlangoni, kabla ya kuulizwa jina, kwamba ana kisukari na anatumia dawa gani. Daktari atamwekea glukosi kwenye mshipa, na mara nyingi mtu aliyebebwa kama gunia huketi na kuuliza yuko wapi katika muda wa dakika chache. Kwa mtoto aliyepoteza fahamu mahali ambapo mshipa haupatikani haraka, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu kijiko cha sukari iliyoloweshwa kwa matone machache ya maji kiwekwe chini ya ulimi. Watoto wenye malaria kali au utapiamlo hushukiwa na sukari hata bila kisukari, na katika malaria dawa ya kwinini huongeza hatari hiyo.

Familia nyingi hushangilia mapema mno. Mzee akiamka, wanaomba ruhusa waende nyumbani, kitanda kisiwagharimu. Ikiwa kilichomshusha ni glibenclamide, nguvu ya kidonge inaweza kukaa mwilini siku nzima, na kwa mtu mwenye figo dhaifu zaidi ya hapo. Sukari itashuka tena usiku, wakati wote wamelala kwa amani. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halipendekezi glibenclamide kwa waliopita miaka 60. Daktari akisema mzee abaki, abaki. Na kama mzazi wako wa miaka 70 bado anakimeza kidonge hicho, ulizeni kliniki ijayo kama upo mbadala.

Nimemtaja nyapara wa shamba la kahawa, na inafaa niwageukie wafanyakazi wake, kwa kuwa Gatongora na maeneo yanayoizunguka ni nchi ya kahawa hata sasa ambapo maghorofa yanaota mahali mibuni ilipong'olewa. Msimu mkuu wa kuchuma ni kati ya Oktoba na Desemba. Mama anatoka alfajiri na strungi tupu tumboni, anameza kidonge chake kwa sababu daktari alisema akimeze asubuhi, kisha anachuma hadi debe lijae, na lingine, maana analipwa kwa debe. Misuli inayofanya kazi hunyonya glukosi kwenye damu, na huendelea kufanya hivyo saa nyingi baada ya kazi kuisha. Kidonge, tumbo tupu, jua, kilima. Hapo hakuna uzembe wa mgonjwa. Kuna maagizo ya dawa yaliyoandikwa kana kwamba kila mtu hula mara tatu kwa siku. Maagizo sahihi kwa mama huyu ni kwamba kidonge kinafuata chakula: hakuna chakula, hakuna kidonge, mpaka kile kipatikane. Kwa anayetumia insulini suala ni tata zaidi, kwa kuwa wengine hawapaswi kuiacha kabisa hata wasipokula. Hao waelekezwe na daktari ni kiasi gani cha kupunguza siku ya njaa, na waulize bila aibu. Kumwambia daktari kwamba nyumbani hakuna chakula ni habari ya kitabibu.

Pombe nayo inarudi hapa kwa mlango mwingine. Nimesema mgonjwa hudhaniwa mlevi. Lakini mlevi naye anaweza kuwa mgonjwa. Kileo hulizuia ini lisitengeneze glukosi mpya. Anayekunywa bila kula, akiwa na insulini mwilini, anafungiwa ghala lake mwenyewe, na sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, akiwa kitandani. Wenzake wanasikia harufu ya pombe, wanasema ataamka. Harufu ya pombe haifuti uwezekano wa sukari kushuka. Wapo askari wanaomtoa dereva kwenye usukani, wakampulizisha kipima pombe cha Alcoblow kikasoma sifuri, na bado wakakosa swali la pili la kuuliza. Swali ni fupi: una kisukari?

Usiku una dalili zake. Shuka zilizolowa jasho, ndoto za kutisha, kupiga kelele usingizini, kuamka na kichwa kinachogonga na uchovu kana kwamba hukulala. Mwenzi wa kitanda ndiye anayeziona. Asubuhi kipimo kinaweza hata kuwa juu, kwa sababu ini limejitetea, na mgonjwa akaongeza dawa akidhani amezidi, kumbe anajichimbia shimo la usiku unaofuata.

Kisha kuna wale ambao kilio cha kwanza kimekwisha kunyamaza. Aliyeshukiwa na sukari mara nyingi, au aliyeishi na kisukari miaka mingi, mwili wake huacha kutoa onyo la adrenalini. Hatetemeki, moyo haumwendi mbio. Anaruka moja kwa moja hadi kuchanganyikiwa. Dawa za presha kama propranolol na atenolol nazo huzima mtetemo na mapigo, ila jasho hubaki. Kwa watu hawa jicho la jirani ndilo kipimo, na wasiendeshe boda boda bila kupima kwanza.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba Wakenya walio wengi hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa kijamii zaidi ya 100,000 nchini, na katika mikoba yao mna mashine ya kupimia sukari. Mtafute anayehudumia kijiji au ploti yenu, ujue nyumba yake na namba yake ya simu kabla ya siku ya dharura. Kama una kisukari, leo hii andika kwenye karatasi maneno haya: "Nina kisukari. Nikiyumba au nikichanganyikiwa, nipe soda au maji ya sukari. Nikizimia, nipeleke hospitali." Ongeza jina la dawa yako na namba ya mtu wako wa karibu, uikunje nyuma ya kitambulisho. Pakiti ndogo ya glukosi ya kemisti ikae mfukoni mwa koti lile unalolivaa kazini, siyo lile la Jumapili.

Nawe kondakta, ukimwona mzee wa shati safi akiyumba saa nne asubuhi, muulize amekula nini kabla hujamwambia akalale.